Kiti Kilichosimama Nami

Cheka, lakini nisikilize kwanza. Mimi mguu wangu hautulii. Nimetoka Sudi, nikapikia wavuvi Songo Songo, na sasa nachapa barua katika ofisi ya chama cha wakulima wa korosho huku Likawage. Nilikuwa bado kwenye majaribio, na safari hii nilitaka kubaki.

Shida ilikuwa mgongo. Nilisoma kwenye simu kwamba kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, miguu itulie, na mgongo uegemee kiti wima. Kompyuta nikaipandisha juu ya debe, miguu nikaiweka kwenye tofali. Mgongo ndio uliokataa. Basi nikatoa kanga ya marehemu mama, ninayotembea nayo kila niendako, nikamwomba Bi Somoe, mhazini wetu, anifunge kwenye kiti changu cha plastiki. Akakaza fundo kwa nyuma, akaenda zake sokoni. Raha niliyoipata!

Mara hodi. Mwenyekiti, Mzee Abdala, na wajumbe wake wamekuja kuamua kama nibaki.

"Shikamooni," nikasema, nimekaa. Fundo silifikii.

Mama mmoja mjumbe akaguna, "Makubwa! Anaamkia wazee kakaa kama sultani?"

Nikaiona kazi inaondoka. Nikasimama kwa nguvu, na kiti nacho kikasimama. Nikainama kwa adabu, miguu yake minne ikatazama dari.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Abdala akachungulia mgongoni kwangu.

"Marahaba, mwanangu. Na huyo uliyembeba, mbona haamkii?"