Faini ya Nyashimo

Gari nililiuza kwa chuki. Halikuwa bovu. Lilikuwa kigari cheupe kisichokunywa mafuta, na mwalimu wa msingi pale Bariadi akipata kigari cha namna hiyo anapiga magoti na kushukuru. Nililichukia kwa sababu lilikwama kwenye tope siku mama yangu alipokuwa anakufa. Ndivyo nilivyoambiwa, nami nikaamini kama mjinga.

Mnunuzi alikuwa fundi cherehani wa pale mjini, mtu wa tahadhari. Alilizunguka gari mara tatu, akalipiga mateke matairi, kisha akatoa simu.

"Samahani, mwalimu. Gari la mkononi halinunuliwi kwa macho. Ngoja niangalie kama halidaiwi faini."

"Angalia mpaka uchoke," nikamjibu. "Mimi na trafiki hatujuani."

Akaingiza namba ya gari kwenye ule ukurasa wa faini. Mtandao ukazungukazunguka weee, mwishowe ukafunguka.

"Mwalimu, kuna moja hapa."

"Acha utani."

"Mwendo kasi. Nyashimo, saa nne na dakika kumi asubuhi." Akasoma na tarehe.

Tarehe ile hakuna haja ya mtu kunikumbusha. Iko kwenye msalaba wa mama, nami ndiye niliyemwandikia mchonga msalaba kwenye karatasi asije akaikosea. Nikampokonya simu. Namba ya gari ilikuwa yangu, herufi kwa herufi.

Siku ile mama aliamka kijijini kwetu Zagayu mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala, na maneno hayatoki. Mdogo wangu, anayeishi naye pale nyumbani, ndiye aliyenipigia, na gari alikuwa nalo yeye tangu jana yake. Shuleni tulikuwa na wakaguzi. Nikamwambia mlete hospitali hapa Bariadi upesi, nitawakuta hapo. Saa nne nikapiga, akasema, "Tumekwama mbugani, dada, watu wanatusukuma." Walifika saa kumi jioni. Daktari aliuliza imeanza lini, tukamwambia. Akasema mngemleta asubuhi. Mama hakuiona kesho yake.

Na mimi, eti, msibani nikanunua kilo tano za sukari za kuwashukuru vijana waliosukuma gari! Nikamkabidhi mdogo wangu awapelekee. Akapokea kwa mikono miwili.

Sasa, kwa njia ya lami, mtu akitoka Zagayu kwenda Nyashimo lazima apite Bariadi. Alipita mjini na mama ndani ya gari, hospitali ikiwa pale pale na mimi nikiwa darasani natetemekea wakaguzi, akashika barabara ya Lamadi, ya kuelekea Nyashimo.

"Lipa tu, mwalimu," fundi akasema. "Namba ya malipo hii hapa, dakika mbili imeisha."

"Nimesema subiri!"

Hata sikuwa nimesema. Maskini wa Mungu, aliruka.

Najua faini ikishalipwa inafutika pale kwenye orodha, kwa hiyo nikachukua kalamu kwanza, nikanakili kila kitu nyuma ya karatasi ya mahudhurio. Kisha nikalipa kwa simu. Fundi akaangalia tena, akakuta gari safi, akafurahi, tukamalizana. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia aje leo hii hii, na asiniulize kuna nini.

Alikuja na bodaboda. Nikamwekea karatasi mbele yake. Aliisoma polepole, halafu akakaa chini sakafuni, mwanaume mzima mwenye mke na watoto watatu.

"Yule afande alinisamehe," akasema. "Aliniambia nenda."

"Alikusamehe wewe. Namba ya gari ameiandika."

Nilitamani kumzaba kofi. Katika yote yale, kilichomshangaza ni faini!

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Kwa mganga. Kule mbele ya Nyashimo." Alikuwa anaongea na sakafu. "Mdomo ulipinda, dada. Majirani wote walisema ni mkono wa mtu. Na mtu aliyetupiwa kitu akichomwa sindano anakufa papo hapo, unajua. Nikasema mganga amtoe kwanza kile kitu, halafu nimlete hospitali. Nilikuwa namwokoa."

Najua, ndiyo. Sitajifanya nimezaliwa Ulaya. Nilipokuwa mdogo na degedege, mama huyo huyo alinifunga mgongoni akanipeleka kwa mganga kabla ya zahanati, nikapona, na sifa zote akapewa mganga. Mdogo wangu hakuokota imani ile barabarani, aliipata jikoni kwetu. Lakini siku ile sikutaka kuwa na akili. Nilikuwa na hasira, na bado ninazo.

"Mama alikubali?"

"Hakuweza kusema. Nilimuuliza, akafumba macho. Nikaona amekubali."

"Na ulikuwa unakimbia."

"Nilikuwa nakimbia, dada. Mungu ananiona. Sijawahi kuendesha vile. Ndiyo maana wakanipiga tochi."

Nikamwuliza afande alisema nini hasa.

"Alichungulia kiti cha nyuma, akamwona mama. Akasema, kijana, huyu ni mgonjwa wa hospitali, usimzungushe, mkimbize sasa hivi. Nikasema ndiyo, afande."

"Halafu?"

"Nikaondoa gari nikaenda nilikokuwa nakwenda. Tulimkuta mganga ana watu, tukapanga foleni."

"Mama alimsikia huyo afande?"

"Alimsikia."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo alipoanza kulia, na sikumbembeleza.

"Alinyoosha ule mkono mzima, akanishika bega. Akanibana, dada, akanibana kweli kweli, mpaka tumetoka pale hajaniachia. Nikamwambia, mayu, usiogope, wameshatuachia. Nilidhani anaogopa polisi."