Benchi Nyuma ya Chumba cha Injini

Habari ya kifo chake ililetwa na mke wangu kutoka misa ya kwanza, kabla hajavua hata kitambaa cha kichwani. "Papa, ule papa wa bateau amekufa," aliniambia, yaani yule mzee wa meli. "Balitangaza ku misa. Kilio iko ku Katuba." Nilikuwa mezani na chai yangu. Nikasema "Ah," kisha nikauliza sukari iko wapi, ingawa ilikuwa mbele ya pua yangu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mtu wa machozi ya karibu, na wengine wamewahi kuniandikia kunilaumu kwa hilo. Safari hii sikuwa najizuia. Niliitafuta huzuni nikakuta ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mke wangu aliketi akalia waziwazi, akasema Mungu ampokee, maana mtu yule alimtendea jambo ambalo ndugu zake wa tumbo moja hawakumtendea. Mimi nikaendelea kukoroga chai. Nitawaeleza jambo lenyewe, kisha nitawaeleza na la pili, kwa sababu mambo yako mawili na mke wangu analijua moja.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, miaka ile ambayo shaba ilikuwa bado inalisha mji mzima na sote tulikuwa citoyens, yaani wananchi, mkubwa kwa mdogo. Mfanyakazi aliyeonekana mwema aliweza kuzawadiwa likizo ya siku sita ndani ya meli, yeye na mke wake. Mlipanda lori hadi Kasenga, mkaingia katika meli nyeupe ya ghorofa mbili, ikashuka na mto Luapula taratibu, Zambia upande wa kulia na kwetu upande wa kushoto, mpaka ziwa Mweru likafunguka mbele yenu na mkatia nanga Kilwa ya kwetu, si ile ya pwani. Mlikaa huko kidogo, mkala samaki, mkarudi. Picha za meli za watalii, zenye mabwawa ya kuogelea juu yake, nilikuja kuziona baadaye magazetini. Yetu ilikuwa na vyumba vichache vyenye joto na matenga ya kuku huko nyuma, lakini ilikuwa fahari, na waliobahatika walirudi Lubumbashi wakatusimulia mwaka mzima hadi tukawachoka.

Marehemu alikuwa msimamizi wa vyumba na meza. Alikuwa mrefu, mpole, mzaliwa wa Kasenga, na koti lake jeupe lilipigwa pasi hata siku ambazo sisi wengine tulikuwa tumelowa jasho. Yeye ndiye aliyejua mambo ya meli ambayo hayakuandikwa kwenye tiketi. Alijua kwamba injini ilitoa maji ya moto, na ukimpelekea ndoo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi utaoga kama mkurugenzi. Alijua kwamba tukielekea Kilwa, kivuli cha asubuhi kiko upande wa kushoto na baada ya chakula kinahamia kulia, kwa hiyo mwenye akili huweka kitambaa chake kwenye kiti cha kulia mapema. Mpishi naye alikuwa na mchuzi wa vichwa vya samaki ambao haukufika mezani, kwa kuwa wakubwa waliuona kuwa chakula cha kijijini. Ukipita dirishani kwake ukamsalimu kwa Kibemba, ulipewa bakuli. Marehemu alimnong'oneza kila abiria siri hizo kana kwamba anampa yeye peke yake, na kila abiria alitembea ndani ya meli akijiona mteule.

Sisi tulipopanda tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza majuma matano kabla. Alikuwa na miezi minane. Zawadi ilikwisha kutangazwa, na kuikataa kungechukuliwa vibaya. Mkubwa wangu wa kazi alinieleza hivyo kwa upole, mlango ukiwa umefungwa. Basi tukaenda. Mke wangu hakuwa amelia tangu mazishi. Alipika, alifua, alijibu salamu, macho makavu, hadi mama yake akaanza kuogopa kwamba akili itamruka. Mimi sikuogopa, kwa sababu nilikuwa vilevile. Na kila asubuhi ndani ya meli kulikuwa na animasio. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana niseme tu kwamba kabla ya chai sote tulisimama kwenye sitaha, spika zikafunguliwa, tukaimba na kucheza kwa ajili ya Chama na Kiongozi wake, wanawake mbele, na mjumbe wa Chama akipita katikati yetu kuangalia nani anakata kiuno na nani anaburuta miguu. Furaha ilikuwa wajibu kama wajibu mwingine, na ilikuwa na mkaguzi wake.

Asubuhi ya kwanza mke wangu alisimama tu, mikono chini. Mjumbe akaja mbele yake. "Citoyenne, juu ya nini hauchezi? Uko mugonjwa, ao hautake?" Mke wangu alimtazama kama anayetazama ukuta. Nilipaswa kusema neno, mimi bwana yake, na ulimi haukunyanyuka. Nilijua kwamba jina likiandikwa pale, likizo itaisha lakini maswali yatatufuata mpaka kazini. Hapo marehemu akatokea na sinia ya vikombe. "Mukubwa," akamwambia mjumbe, "ule mama iko na malaria. Tangu jana niko namuona anatetemeka. Akianguka apa mbele ya bantu, haitakuwa muzuri." Mjumbe aliangalia sinia, akamwangalia mke wangu, akachukua kikombe. "Mupeleke akalale," akasema.

Hakumpeleka kulala. Niliwafuata kwa nyuma, tukashuka ngazi, tukapita jikoni, tukafika nyuma ya chumba cha injini. Kati ya ukuta wa chuma na rundo la makoti ya kujiokolea palikuwa na benchi fupi la mbao linaloangalia maji. Injini ilinguruma pale kiasi kwamba ile ngoma ya juu haikusikika hata kidogo. "Mama, ikala apa," akamwambia karibu na sikio. "Apa haut-parleur, ile spika ya juu, haifikake. Na weye, hakuna muntu atakusikia. Lia mutoto wako." Sijui alijuaje kwamba ni mtoto, hatukuwa tumemwambia mtu. Kisha akanigeukia mimi. "Weye rudia kule juu. Ucheze ya bantu babili."

Nikarudi, nikacheza ya watu wawili. Nilikata kiuno mpaka mjumbe akanipigia makofi. Chini kule mke wangu alilia hadi sauti ikakauka, na asubuhi zilizofuata alirudi palepale, akaletewa chai bila neno. Siku ya nne alimwambia marehemu jina la mtoto. Naye akamwambia kwamba hakuwa wa kwanza, kwamba karibu kila safari kuna mtu anayepanda na msiba wake ameufungia sandukuni pamoja na nguo. Tuliporudi Kasenga mke wangu aligombana na mwenye lori juu ya mizigo yetu, kwa sauti kubwa, mbele za watu, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kwa ugomvi ule.

Hilo ndilo analolijua. La pili ni hili. Wakati ule nilikuwa naandika katika gazeti dogo la wafanyakazi, na ukurasa wa Kiswahili ulikuwa wangu. Nilitaka kumshukuru yule mtu kuliko nilivyowahi kutaka kumshukuru mtu yeyote, nami njia niliyoijua ni moja. Nikaandika makala ndefu juu ya faida zisizojulikana za meli yetu na pembe zake tulivu. Niliweka maji ya moto, nikaweka kivuli, nikaweka mchuzi wa vichwa. Mwisho nikaliweka benchi, kwa maneno matamu: kwamba pale hata spika haifiki, na kwamba abiria mwenye mzigo moyoni atapelekwa huko na msimamizi mmoja mwenye roho safi. Sikumtaja jina, nikajiona mwerevu sana. Msimamizi ndani ya meli ile alikuwa mmoja tu. Mhariri aliipitisha kwa sababu ilikuwa ya kusifu, na miaka ile makala za kusifu hakuna aliyezisoma kwa makini. Mke wangu aliikata akaitunza ndani ya kitabu chake cha sala. Lakini iko ofisi nyingine, siijui hadi leo, ambako mtu aliisoma taratibu, mstari kwa mstari.

Kabla ya mvua kuanza, mwenzangu wa ofisini alirudi kutoka likizo hiyohiyo akinung'unika. Alikuwa amelitafuta benchi langu asilione. Mahali pake palifungwa spika mpya, kubwa kuliko zote. Nikamwuliza juu ya msimamizi. Akasema watumishi wote wa meli walikusanywa, makala ikasomwa kwa sauti, na mzee wa watu akaulizwa awataje aliokuwa akiwakalisha pale. Hakutaja hata mmoja. Walimteremsha Kilwa na sanduku lake, katikati ya safari, na meli ikarudi bila yeye. Nilimsikiliza mwenzangu mpaka mwisho, nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Nilijiambia nitamweleza mke wangu Jumamosi. Zimepita Jumamosi nyingi.

Nilionana na marehemu mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimetumwa mtaa wa Golf kumhoji mkubwa mmoja katika villa yake, na aliyenifungulia geti ni yeye, kichwa cheupe, shati limepigwa pasi. Alinitambua kabla sijamtambua. "Mama anaendelea?" ndilo neno lake la kwanza. Nikamjibu anaendelea muzuri, tuko na batoto batatu. Akamsifu Mungu. Nikaona nisiposema pale sitasema tena, nikamwambia, "Papa, ile gazeti, ni miye niliandika."

"Najua. Balinisomea yote," akasema. "Uliandika muzuri." Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Unisamehe, Papa."

Aliangalia barabara kidogo. "Miye nilipata kazi ingine. Lakini ile safari ya mwisho kulikuwa mama mumoja, bwana yake alikufa ku kazi, balimupatia yeye ile congé, likizo ya bwana. Alikuya na gazeti yako ku mukono. Akaniuliza, 'Papa, ile fasi ya benchi iko wapi?' Na haut-parleur iko pale, inaimba." Akalisukuma geti wazi zaidi. "Nilimupatia chai tu. Ingia, mukubwa iko nakungoja."

Nikaingia, nikamhoji yule mkubwa. Nilipotoka zamu ilikuwa imebadilika. Ni njiani tu ndipo nilipong'amua kwamba niliomba msamaha lakini neno asante halikunitoka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwambia asante mtu yule kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimemshukuru mbele ya wasomaji wote isipokuwa yeye.

Tunapenda kusema kwamba enzi ile ilijengwa na wapelelezi na wajumbe, na ni kweli walikuwapo. Lakini ilijengwa pia na watu kama mimi, wema tu, tuliopenda kusimulia, ambao tukiona kitu kizuri hatukutulia mpaka tumekianika. Nami sioni kwamba tumepona. Siku hizi vijana wakipata mahali penye utulivu, kando ya maji au nyuma ya kanisa, simu hutoka mfukoni papo hapo, na Jumapili inayofuata pamejaa watu na muziki. Sina haki ya kuwacheka, kwa sababu niliwatangulia bila simu.

Tulikwenda kilioni Katuba, mimi na mke wangu. Binti wa marehemu alitueleza kwamba hawakuwahi kujua kwa nini baba yao aliacha meli. "Papa alisemaka tu, nilichoka na mayi ya ziwa." Mke wangu akamshika mkono, akawasimulia wanawake wote waliokuwa kwenye mkeka habari ya benchi, injini, na mtoto wetu. Walilia pamoja naye. Kisha akanionyesha mimi kwa kidole, kwa fahari. "Na bwana yangu njo aliandika juu yake ku gazeti." Binti akainuka, akaja kunishika mikono yote miwili. "Merci, Papa. Merci mingi." Nikaitikia asante yake kwa kichwa, kama mtu anayepokea anachostahili.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimechelewa kukijifunza. Shukrani ipelekwe kwa miguu hadi mlangoni kwa mwenyewe, iachwe hapo hapo, isitafutiwe watu wa kuisikiliza. Na anayekuficha siku ya msiba wako, usimwonyeshe kwa kidole, hata kama kidole chako ni cha kumsifu. Najua kwamba leo nimeandika tena juu ya mtu yuleyule, na tena sikumtaja jina. Leo spika haiwezi kumfuata aliko. Aliyebaki wa kuumizwa na makala hii ni mmoja tu. Herufi za gazeti zimeyashinda macho ya mke wangu siku hizi, kwa hiyo kila Jumapili baada ya chakula mimi humsomea safu hii kwa sauti, na nikimaliza hukimbilia nje kumwagilia mboga za lengalenga kabla hajaanza kunikosoa. Jumapili hii nitasoma yote, sitaruka mstari, na nikimaliza nitabaki kwenye kiti changu mpaka aseme atakalosema.