Jibu Lililokaa Nyuma ya Karatasi

Mwanangu, univumilie kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazozikosea. Shule yangu ilikuwa fupi, na mkono wangu tangu ujana huandika polepole kama mtu avukaye tope. Lakini barua yako imenigusa. Unasema mwalimu wa sayansi amekupa sifuri kwa insha ya namna ileile ambayo mwalimu wa historia huisifu, nawe unaona umeonewa. Hukuonewa. Ngoja nikusimulie.

Nakumbuka asubuhi moja ya vita vya Maji Maji, nilipokaribia kumuua mjomba wangu kwa kalamu.

Mjomba Selemani alikuwa mkata boriti katika mikoko ya Nyamisati. Mimi nilikuwa kijana wa haya, nisiyeweza kumtazama mtu usoni, lakini kwa kuwa nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa dini, nyumbani nilihesabiwa mwenye elimu. Wakati ule watu walikwenda Ngarambe kunywa dawa ya maji, wakiamini risasi za Wadachi, Wajerumani waliotutawala, hazitawadhuru. Mjomba naye alikwenda Ngarambe, ila yeye alikwenda kumchukua binti yake aliyeolewa huko, asije akafia vitani. Akida, mtawala wetu aliyewekwa na Wadachi, alisikia habari ya safari tu. Akamwita bomani ajieleze kwa maandishi.

"Andika, mpwa wangu," mjomba akaniambia. "Sema sikunywa."

Nikaandika kama vitabu vyetu vya fikihi, yaani sheria ya dini. Huko, mwanangu, hoja ya mpinzani hutangulia. Unaieleza kwa nguvu zake zote, bila kumpunja, ndipo unaposema: nasi twajibu. Mwalimu wetu alituchapa tukimjibu mtu kabla ya kumsikiliza. Basi baada ya salamu nikajaza ukurasa mzima: kwamba maji ya Ngarambe yana nguvu, anywaye hafi kwa risasi, na Mdachi ataondoka. Nyuma ya karatasi nikajibu: huo ni uongo, na Selemani hakuyanywa. Nilijiona bingwa.

Bomani, nilikomsindikiza mjomba, karani alisoma ukurasa wa mbele, akacheka. "Mzee, mimi nahangaika kukutafutia shahidi, kumbe umejileta mwenyewe!" Akamgeukia askari. "Huyu amekiri."

Mnyororo ukaingia shingoni mwa mjomba. Naye hakujua kusoma. Akanigeukia. "Mpwa wangu, umeandika nini?"

Wallahi, ulimi wangu ulikufa. Uwanjani miti ya kunyongea ilikwisha kusimikwa, na watu wawili walikuwa tayari katika mnyororo uleule. Nilichoweza ni kuinyakua karatasi mkononi mwa karani, nikaigeuza, nikaweka kidole. Askari alinipiga kitako cha bunduki begani, kidole hakikuondoka.

Karani akasoma. Kicheko kikamwisha. "Mbona jambo lenyewe umelificha nyuma?"

"Ndivyo tunavyoandika chuoni," nikanong'ona.

"Chuoni mna wakati, kijana. Hapa tuna kamba. Andika upya, jambo lenyewe mstari wa kwanza."

Nikaandika mistari mitatu: hakunywa maji, alikwenda kumchukua binti yake, binti yuko Kibiti, aulizwe. Binti akaletwa, akaulizwa, na mjomba akafunguliwa. Lakini kwanza alichapwa viboko ishirini na tano kwa kuisumbua serikali. Wale wawili walinyongwa mbele ya macho yetu. Hakuna aliyewaandikia hata mstari mmoja, na mpaka leo sijui wao wangejitetea kwa neno gani.

Njiani nilingoja matusi. Mjomba, akitembea kwa shida, alisema maneno machache tu. "Mti uliopinda si mbaya, mpwa wangu. Mafundi wa mashua huutafuta waufanye mbavu za mashua. Ubaya ni kumpelekea anayejenga nyumba. Nawe hukuniuliza tunampelekea nani."

Basi, mwanangu, shika hili. Mwalimu wa sayansi anataka ulichopima na ulichokiona, bila mapambo. Wa historia anataka kujua nani alisema, na nani alimpinga. Kila elimu ina adabu yake ya kuandika, wala adabu ya moja si ujinga wa nyingine. Bado naamini kumsikiliza mpinzani kwanza ni uungwana. Vitabu vyetu havikukosa. Nilikosa mimi niliyedhani uandishi mzuri ni wa namna moja. Kabla hujashika kalamu, uliza nani atasoma, na jicho lake litatua wapi kwanza. Wazee walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mimi naongeza: ukitoka, ulifumbue.

Mungu akupe mkono mwepesi kuliko wangu na moyo usioona haya kuuliza, na akuepushe na msomaji wa nusu. Niandikieni, wewe na wenzako mtakaoisoma barua hii. Nataka kujua mwalimu wa sayansi ameipokeaje insha yako ya pili.