Winchi ya Bafu na Mzee wa Ukweni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufagio wala ndoo. Niliambiwa nivue viatu, nikae kwenye kipande cha turubai kilichoning'inia juu ya bafu, kisha Metroni akaanza kuzungusha mkono wa chuma ukutani. Nikapanda. Miguu ilipoacha sakafu nilishika mikanda kwa nguvu zote nikamwita mama yangu kwa Kiembu, na wagonjwa wakasikia. Metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa mama wa Kizungu mwenye Kiswahili chake mwenyewe. Aliniacha nikining'inia pale huku akifuta miwani. "Sasa wewe najua," akasema. "Kila mgonjwa nasikia hivyo." Ndipo akanishusha, na kazi yangu ya uhudumu wa wodi ikaanza.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, upande wa Imenti huko Meru, na miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari. Ninyi vijana mmesimuliwa habari za msituni na za kambi, na mimi sina la kuongeza huko. Mimi nilikuwa bafuni. Lakini hata bafuni hali ilitufikia. Mwembu kama mimi hakuvuka mto bila pasi ya serikali, jua likizama hakuna aliyetoka nje ya ua, na wodi ya wanaume ilijaa watu waliovunjika kwenye kazi za lazima. Mtu aliyevunjika mgongo hawezi kujigeuza, na asipojigeuza ngozi yake huoza. Hivyo ndivyo vidonda vya kulaliwa, na dawa yake wakati ule ilikuwa kuloweka mwili kwenye maji ya chumvi kila siku.

Kabla ya ile mashine wahudumu waliwabeba wagonjwa kwa mikono, mmoja kwapani, mwingine magotini. Mtu aliyelowa maji huteleza kuliko sabuni, jamani. Wagonjwa walianguka, na wahudumu wakaharibika migongo, mpaka wodi ikawa inazalisha wagonjwa wake yenyewe. Ndipo Metroni akamwita Fundi Abdalla, Mwislamu wa Meru mjini aliyetengeneza malori ya wasafirishaji kule karibu na msikiti. Abdalla alitoa winchi kwenye lori lililopinduka, akaifunga ukutani, akapitisha waya kwenye kapi, yaani gurudumu dogo lenye mfereji, juu kwenye boriti, na mwisho wa waya akaweka kulabu ya kushika turubai.

Alinifundisha yeye. Winchi ina gurudumu la meno, na juu ya meno kuna kipande cha chuma kinachoitwa ulimi. Ukizungusha mkono kupandisha, ulimi huanguka kwenye kila jino, ta, ta, ta, na mzigo hauwezi kurudi nyuma. Kushusha ndiko kwenye hatari. Unainua ulimi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika mkono wa winchi, na unaachia polepole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Ukikuponyoka, ule mkono wa chuma utakuvunja taya, na mgonjwa atavunjika kiuno. "Bwana mdogo," Abdalla aliniambia, "sikio lako liwe kwenye ulimi, jicho lako liwe kwenye uso wa mgonjwa. Ukipuuza moja kwa ajili ya jingine, umeua mtu."

Hayo maneno niliyashika kuliko katekisimu. Mengine niliyashika kwa mazoea. Maji ya baridi hutangulia, ya moto hufuata, na kiwiko ndicho hupima, kwa sababu kiganja cha mfanyakazi kimekuwa sugu na hudanganya. Asubuhi mhudumu hukaa yeye mwenyewe kwenye turubai kabla ya mgonjwa yeyote. Hakuna kupandisha mtu ukiwa peke yako: mmoja kwenye winchi, mwingine kwenye miguu. Jumamosi waya hupanguswa kwa kitambaa kikavu toka juu mpaka chini, na kitambaa kikinasa mahali, jua uzi mmoja wa waya umekatika na waya wote haufai tena. Meno hupakwa grisi. Ulimi haupakwi nyingi, maana hunata ukachelewa kuanguka. Turubai huanikwa kivulini, na mishono yake hukaguliwa kwa ukucha.

Mishono ndiyo iliyoniletea mke. Chumba cha cherehani kilikuwa na msichana anaitwa Kagendo, na kazi yake mojawapo ilikuwa kushona mikanda ya turubai kwa uzi uliopakwa nta. Nilianza kuona mishono mibovu ambayo haikuwepo. Mara ya tatu alikuja nayo mwenyewe bafuni, akakaa kwenye turubai, akaniambia nimpandishe. Nikampandisha. Akiwa huko juu akaniuliza kama bado nina malalamiko juu ya mshono au nilikuwa na neno jingine. Nikasema nina neno jingine.

Basi nikatuma wazee, nikapeleka mtungi wa asali kwa baba yake, Mzee M'Ikiara, nayo ikapokelewa. Kwetu Embu na kwao Meru hapo tayari umeshakuwa muthoni, mtu wa ukweni, hata kama harusi bado. Na muthoni ana heshima zake. Humwangalii machoni ovyo. Ukimwona njiani unampisha. Kuona mwili wake bila nguo ni jambo la kuogopwa sana, jambo la kulipiwa mbuzi mbele ya wazee. Nawaambia haya polepole kwa sababu nyie siku hizi mnacheza karata na wakwe zenu.

Miezi michache baadaye watu wa kijiji cha Mzee M'Ikiara walipelekwa kuchimba handaki kando ya msitu. Ukingo ukamwangukia mzee, ukamponda nyonga na uti wa mgongo. Alikaa kambini akipewa chai na maombi mpaka alipoletwa kwetu kwenye machela, na wakati huo vidonda vya kulaliwa vilikuwa vimechimbika, harufu inamtangulia mlangoni. Daktari Mkuu aliangalia, akaandika maji ya chumvi kila siku, akatuambia waziwazi kwamba sumu ikifika kwenye mfupa tutamzika.

Sasa angalieni shida ilipokaa. Wahudumu wa kiume tulikuwa wawili. Mwenzangu Kirimi alikuwa amechukuliwa kwenye msako wiki hiyo hiyo, na hatukujua yuko kambi gani. Wahudumu wa kike walikuwa wa rika la mabinti zake, na hilo lilikuwa baya hata kuliko langu. Metroni angeweza kushika miguu. Huyo mzee hakumwonea haya, maana kwake Mzungu hakuwa mwanamke wala mwanamume, alikuwa serikali. Lakini Metroni, aliyeweza kunishusha mimi nilipokuwa kijana mwembamba, hakuwa na nguvu ya kushusha mwanamume mzima kwenye winchi. Nilibaki mimi.

Nilifikiri nina akili. Nilimpandisha uso wangu ukiwa ukutani, nikisikiliza ulimi tu. Ta, ta, ta. Mara nikasikia Metroni anapiga kelele, nikasimamisha. Mkanda wa paja la kushoto ulikuwa umejikunja, na mzee amelala upande, bega moja chini, anateleza kidogo kidogo, huku Metroni amemkumbatia kwa mikono yake miwili. Tulimrudisha kitandani bila kuumia. Metroni alitweta, kisha akanishika kidevu akaugeuza uso wangu. "Nyaga, wewe naangalia ukuta. Ukuta hapana mgonjwa. Kesho wewe angalia, ama wewe toka."

Kesho yake mzee alikataa kwenda bafuni. Na kesho kutwa pia. Alisema afadhali aoze akiwa na heshima yake. Tulimfuta pale kitandani, Metroni na maji yake ya beseni, lakini kidonda kilichochimbika hakisafishiki kwa kitambaa. Homa ikaanza kumpanda jioni. Kagendo alikuwa anamletea uji, anatoka amejifunika mdomo kwa leso, na kila akipita chumba cha bafu ananiangalia kama mtu anayeuliza swali. Nilimpenda yule msichana, sioni haya kusema. Na niliona wazi kwamba nikibaki mkwe wa yule mzee, nitakuwa mkwe wa kaburi.

Basi nikaamua. Alasiri moja niliingia wodini, nikakaa kwenye kigoda, uso wangu mlangoni na mgongo wangu kwake kama ilivyotakiwa, nikamwambia: "Mzee, nimekuja kuvunja uchumba. Kuanzia leo mimi si muthoni wako. Mimi ni mhudumu tu, kama mwingine yeyote. Kesho nitakuosha."

Mzee akauliza, "Ile asali yako ilitoka wapi?"

"Mbeere."

"Ilikuwa nzuri. Niliitia kwenye pombe, nikainywa na ndugu zangu tukaimaliza. Sasa unataka nikurudishie nini? Asali iliyonywewa hairudi mtungini."

Nikamwambia basi atakufa. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

"Geuka," akasema.

Sikugeuka.

"Nimesema geuka, Nyaga. Mtu anayekubali kumkosa binti yangu ili mimi nipone, nitamwacha aende nimpate wapi mwingine? Utaniangalia, na utalipa mbuzi. Lakini nikifa, huyo mbuzi atamla nani?"

Nikageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona macho yake. Yalikuwa mekundu kwa homa, na yalikuwa yanacheka.

Asubuhi nilikaa kwenye turubai mimi kwanza, Metroni akashikilia. Nilipima maji kwa kiwiko. Nilifunga mikanda kwa mikono yangu mwenyewe, nikapitisha kidole chini ya kila mmoja kuhakikisha haujajikunja, kisha nikampandisha mzee jicho langu likiwa kwenye uso wake na sikio langu kwenye ulimi. Nikajifunza jambo ambalo Abdalla hakunifafanulia. M'Ikiara hakuwa mtu wa kulia. Maumivu yakimshika, ukope wake wa kushoto ulicheza kabla mdomo haujasema lolote. Ukope ukicheza, nasimamisha, narekebisha, naendelea. Kwenye ukuta nisingeuona ule ukope hata siku moja.

Tulifanya hivyo kila asubuhi mpaka nyama nyekundu ikaanza kuota na mashimo yakajifunga. Hakutembea tena, hilo nisiwadanganye, lakini alikaa kitini na alirudi nyumbani akiwa hai. Kirimi naye aliachiliwa baadaye, amekonda, akarudi kwenye winchi. Siku ya kumalizana mahari na wazee, M'Ikiara alinishtaki yeye mwenyewe mbele ya watu wote kwamba nimemwona. Nikamtoa mbuzi. Akachinjwa, akachomwa, na mzee akanikatia kipande cha kwanza kwa mkono wake, wazee wakaguna, naye akawaambia wagune wakiwa wanatafuna.

Aliyekasirika ni Kagendo. Nani alimwambia sijui, wodi ina masikio. Alikataa kuongea na mimi wiki nzima, na alipofungua mdomo alisema, "Uliniacha kwa ajili ya bafu la maji ya chumvi, na hukunipitia hata kuniuliza." Nilijitetea kwamba ilikuwa kwa ajili ya baba yake. Akasema anajua, ndiyo maana anakasirika na hawezi kunifukuza. Mpaka leo nikichelewa kununua sukari hunikumbusha ile kesi.

Miaka ilipita. Hali ya Hatari iliisha, nchi ikawa yetu, nami nikahamishiwa Embu. Huko nilikuta mashine ya kukanyaga kwa mguu, inayopanda kwa nguvu ya mafuta. Hiyo haina ulimi wa kusikiliza, kwa hiyo kila asubuhi nilipapasa chini yake kwa kidole kutafuta mafuta yanayovuja, maana ikivuja hushuka yenyewe na mgonjwa akiwa juu. Afisa Tabibu wa pale alinikuta siku moja nimekaa kwenye kiti cha ile mashine, akadhani nimepumzika. Nikamweleza, akacheka, akakaa yeye, nikampandisha. Alishuka ameacha kucheka. Toka hapo kila mhudumu mpya alikalishwa, kwa amri yake, mpaka nilipostaafu.

Sasa nakaa hapa Embu, mtaa wa Majimbo, na Kagendo, na mimi ndiye mzigo. Kiuno kilivunjika mwaka jana nilipoteleza jikoni, na napelekwa hospitali kuogeshwa na kunyooshwa. Mashine ya sasa ni ya betri na kitufe. Ni nzuri, sitaki kuwa mzee wa kulalamikia kila kipya. Nawaomba tu waichaji usiku, na wajue kile kishikio chekundu cha kumshusha mtu umeme ukikataa, kabla umeme haujakataa.

Juzi wahudumu walikuwa wachache, wakamwomba aliyenileta ashike miguu yangu. Aliyenileta ni Mwenda, mume wa binti yangu wa mwisho, kijana mwenye adabu, mtu wa Mitunguu mwenye migomba yake. Akashika miguu kama alivyoambiwa. Kitufe kikabonyezwa, nikaanza kupanda, na nikahisi mkanda wa kushoto unajikunja chini ya paja. Nikamtafuta Mwenda nimwonyeshe. Uso wake ulikuwa ukutani.

"Mwenda," nikamwambia, "geuka uniangalie. Mbuzi utaleta Jumamosi."