142857 kwenye Gunia la Maharage

Mimi Gharibu sipendi kufundishwa kazi. Mwaka wa kumi na nane huu nashusha magunia hapa Kasulu, na kila mwenye mzigo namjua kwa alama yake. Wengine huandika jina, mmoja huchora jogoo. Esteri Nduwayezu wa Kabanga, muuza maharage, yeye huandika 142857. Siku moja nilimuuliza kwa nini, nikajuta, maana alinishikisha kalamu.

Hiyo ilikuwa namba ya kadi ya posho ya baba yake, Mzee Reverien, familia ilipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, Mtabila. Mzee alipenda hesabu kuliko ugali. Izidishe kwa mbili, Esteri akaniambia, nikapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile sita, zimehama viti tu, na huendelea hivyo mpaka ukizidisha kwa sita. Watoto walikuwa sita, basi kila mmoja akapewa yake. Esteri wa kwanza, 142857. Claude kitinda mimba, 857142. Tena mzee aliwapanga wawili wawili, wa kwanza na wa mwisho, wa pili na wa tano, hivyo hivyo, kwa kuwa namba zao ukizijumlisha unapata 999999. "Tisa tupu," alikuwa akiwaambia. Kwenye foleni ya posho kila mkubwa alimshika mdogo wake asipotee. Kwangu hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Esteri alimpoteza wake. Mwaka 2012 kambi inafungwa, alimwacha Claude, miaka tisa, alinde godoro, akaenda kuchota maji. Kurudi, mtoto kapanda lori la watu wengine. Wadogo zake wale wengine walionekana Burundi, Claude hakuonekana. Esteri hajawahi kujisamehe, na hilo halifichi.

Mwezi uliopita lori la Kibondo lilimletea magunia. Alitegemea matatu, yakashuka manne. La nne limeandikwa 857142. Nikasema hawa wapakiaji wa Kibondo hata kunakili hawawezi. Nikachukua brashi, nikaikata ile namba, nikaandika juu yake 142857. Nilijiona fundi kwelikweli.

Esteri alipofika aliona rangi mbichi.

"Mzee Gharibu, hapa chini palikuwa na nini?"

Nikamtajia. Akaniambia nimpigie mpakiaji wa Kibondo. Yule akakiri kuchanganya: gunia ni la kijana mwingine, la kwenda Kigoma, ila tarakimu zilifanana. Mwenyewe alikuwa palepale akilitafuta, akapewa simu. Esteri hakumuuliza jina.

"Mimi natumia 142857," akasema. "Ukijumlisha na ya kwako inakuwa ngapi?"

Simu yangu ina sauti kubwa, nilisikia kila neno.

"Tisa tupu," kijana akajibu. Halafu, taratibu, "Dada, bado umenikasirikia kwa kuliacha godoro?"

Esteri akakaa juu ya gunia, akalia bila kujificha. Mimi nikaenda kutafuta mafuta ya taa, nifute ile rangi yangu.