Tasbihi ya Bi Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unanishuka. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye kituo cha afya cha kijijini kwetu, si mbali na mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Tulichaguliwa wawili tu, ili watu wetu watibiwe na mtu anayejua lugha yao. Miaka hiyo gesi ilikuwa imeshapatikana baharini, na siku ile kampuni moja ilikuwa inaandikisha wauguzi mjini. Hata masomo sijamaliza, lakini nimeshavaa viatu vya safari, nasubiri gari la saa nne.

Akaja Bi Zuhura, jirani yetu, na mjukuu wake wa miezi mitano, mtoto anakohoa. Kazi yangu ilikuwa kumfunua kifua na kuhesabu pumzi zake dakika nzima. Wallahi, sikuhesabu. Nilikisia tu, nikaandika thelathini na sita, namba ya mtoto asiye na neno.

"Mbona hata hukumtazama?" Bi Zuhura akauliza.

"Bibi, haya mambo ya waliosoma."

Mimi huyo, niliyelelewa uani kwake! Hakugomba. Alimngoja mwalimu wangu, muuguzi wa siku nyingi, atoke chumba cha pili, akamwonyesha tasbihi yake. Tangu alfajiri alikuwa akivuta punje moja kwa kila pumzi ya mtoto, maana pumzi hizo zilimtia hofu.

"Hebu vuta tena, bibi, mimi nishike saa," mwalimu akasema.

Tasbihi ile ya punje thelathini na tatu ilizunguka mara mbili, pumzi sitini na sita, na dakika haijaisha. Kwa mtoto wa umri ule, hata hamsini ni hatari.

Mwalimu hakunifokea. Alikata namba yangu, akaandika ya Bi Zuhura. Nje honi ikalia. "Gari lako hilo," akaniambia. "Wapakie, uwafikishe hospitali ya mjini."

Nilimpakata mtoto njia nzima nikihesabu. Tulipita mbele ya foleni ya wauguzi waliokuwa wakijiandikisha kwa kampuni, sikugeuza shingo. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Bi Zuhura hakunisema kwa mtu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi kesho: funua kifua, shika saa, hesabu dakika nzima, hata honi ikilia. Na bibi wa mtoto akisema neno, msikilize, yeye ndiye aliyekesha naye. Mungu akupe mkono wenye shifaa, na aibu niliyoionja mimi asikuonjeshe. Amin.