Pumzi ya Kiitikio

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, njia ya kwenda Sikonge, nilikuwa na miaka kumi na tisa na ugomvi na saa. Saa yenyewe ilikuwa ya Baba, ya mkononi, na aliniazima kwa masharti. Kila jioni nilikimbia kutoka ghala la tumbaku mpaka darajani na kurudi, naye alikaa kwenye ngazi za ghala akinisubiri asome dakika. Wiki ya kwanza nilitumia thelathini na mbili. Wiki ya tatu, thelathini na tano. Jamani! Nilikuwa nafanya mazoezi ili nizidi kuwa mzito?

"Miguu imekwisha hiyo," Baba alisema, akiirudisha saa mkononi mwake.

Mkoa ulikuwa unatafuta msichana mmoja tu wa mbio ndefu, wa kupelekwa Dar es Salaam. Mchujo ungekuwa kutoka Kwihara mpaka Tabora mjini, kwenye barabara ile ile ya misafara ya zamani. Baba alinieleza bila kuzungusha: nikiwa wa kwanza, niende. Nikiwa wa pili, mbio ziishie hapo hapo na raba zangu apewe mdogo wangu. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, lakini nilijua hatanii.

Miguu ilichoka kwa sababu moja tu. Asubuhi yote tulilima shamba la kijiji, kwa mstari, bega kwa bega, na mbele yetu alitembea binamu yangu na ngoma. Alikuwa mtoto wa shangazi, kwa hiyo mtani wangu kwa haki zote, na akiniita mchumba sikuwa na pa kushtaki. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, ndiyo maana akapewa ngoma badala ya jembe. Alikuwa akianza, "Mvua imefika wapi?" na sisi tunaitika, "Imefika shambani kwetu, haya tulime, tulime!" Majembe yanashuka pamoja.

Mimi nikajiona nina akili sana. Nikaanza kuchezesha midomo bila kutoa sauti, nitunze pumzi yangu kwa ajili ya jioni. Nilifanya hivyo wiki nzima. Kwetu mtu asiyeitika anahesabiwa mvivu, hata kama jembe lake linachimba kisima, na mama aliyelima kando yangu alinigundua.

"Wee binti! Midomo inacheza, sauti iko wapi? Unatubania?"

Binamu akasimamisha ngoma. Mstari mzima ukasimama, macho yote kwangu.

"Mchumba, unaniharibia kazi," alisema. "Ukinyamaza, nitajuaje niwapeleke vipi?"

"Wewe piga ngoma, mimi nilime!"

Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini swali lake lilinikaa kichwani kuliko aibu. Sauti yangu ilikuwa inamwambia nini? Wakati wa uji nilimfuata na kikombe changu, hasira bado mkononi.

"Hebu niambie. Unasikiliza nini?"

"Mwisho," alisema. "Mkitoa 'tulime' zote mbili, naongeza mwendo. Mkitoa moja, napunguza kabla hamjaniomba. Saa sina, na jua silitazami."

"Na kama tumeamka tumechoka?"

"Mnaanza polepole. Kwani jana hamkuamka mmechoka? Na shamba si lilikwisha?"

Hakuona kama amesema jambo la maana. Alinywa uji wake akaniomba na wangu.

Jioni ile nilimrudishia Baba saa yake.

"Leo sipimi."

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo. Lakini kuna kitu nataka kukijua."

Nilikimbia nikiimba peke yangu, mwanzo na kiitikio, na waliokuwa wanachunga mbuzi wakanikodolea macho. Mwanzoni nilicheka mwenyewe. Halafu nikaanza kusikiliza. Miguu ilikuwa inalia tangu hatua ya kwanza, lakini kiitikio kilitoka kizima! Basi miguu ilikuwa na maneno yake na pumzi ina yake. Nani angenidokeza? Siku nyingine nilipoteza "tulime" kabla hata ghala halijapotea nyuma yangu, nikatembea. Siku nyingine, baada ya daraja, miguu ile ile iliyonuna ilifunguka yenyewe, sijui kwa nini, na nikaiacha iende. Kila jioni nilitoka nikitaka kujua leo nitakuta nini. Shambani nako nikaanza kuitika kwa sauti, mpaka yule mama akalalamika kwamba namziba masikio. Kitu kimoja tu sikukijua: kama nilikuwa naongeza kasi au napunguza. Hilo lilinitia hofu.

Siku ya mchujo Baba alikwenda mjini kwa baiskeli, amempakia binamu nyuma na debe tupu la asali, akisema anakwenda kunichukua nirudi nyumbani. Mimi nilikwenda Kwihara na wenzangu kumi. Jana yake nilikuwa nimelima.

Tulipoachiwa, wawili walikuwa na kaka zao kwenye baiskeli wakiwapigia kelele za dakika. Nikaachwa nyuma nikiimba chini chini. Msichana mmoja aligeuka.

"Unasoma dua?"

"Naimba."

"Haya, mwimbaji," alisema, akazidi kuniacha. Nilimkuta mbele amejishika kiuno, nikampa pole, na pole ile niliitoa kwa moyo.

Tulipoingia mjini alibaki mmoja mbele yangu, mwenye raba nyeupe. Miguu yangu ilikuwa vinu viwili. Nikajijaribu: imefika shambani kwetu, haya tulime, tulime. Zote mbili! Nilishtuka, nikaongeza. Ikabaki moja, nikaongeza tena. Nilipokuwa bega kwa bega naye sikuweza kufika hata "shambani". Nikaikata kamba ya mwisho mbele yake kwa kifua, nikaanguka magotini kwenye mchanga.

Binamu alikuwa pale, debe kwapani. Akalipiga, mbele ya wageni wote wale, mtani asiye na haya.

"Mvua imefika wapi?"

Nilifungua mdomo nimwitikie. Hakikutoka kitu, hata mkoromo. Akapiga tena, akicheka, "Mvua imefika wapi, mchumba?" Nikatikisa kichwa, machozi yananitoka.

Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti nene, isiyozoea kuimba mbele ya watu wa mjini. Baba alikuwa ameiacha baiskeli ikaanguka. Aliitika badala yangu, polepole, mpaka "tulime" ya pili.